Bamba moja la bega, malighafi tatu: povu, Worbla au printa ya 3D?

Deraya ya gemu imechorwa kwa ajili ya mwili usio na mifupa. Aliyeichora hakulazimika kujiuliza mvaaji atakaaje kitini, ataufikiaje mgongo wake kufunga bizimu, wala atapumuaje ndani ya chapeo. Mhusika akiinua upanga, bamba la bega hupenya shingo na kutokea upande wa pili bila mtu kulalamika, maana bamba na shingo vyote ni poligoni tu, maumbo bapa ya kompyuta. Katika World of Warcraft, gemu ya mwaka 2004, kamera hukaa nyuma na juu ya mhusika, na mabega ya deraya nyingi yamekuzwa mpaka kushindana na kichwa. Wewe huna kamera ya juu. Una taya, na bamba lile litaigonga kila ukigeuka.

Ndiyo maana swali la kila mwanakosplei mpya, yaani anayejitengenezea na kuvaa mavazi ya mhusika, "malighafi ipi ni bora?", halina jibu mpaka useme ni ya kiungo gani. Kifua hupumua. Bega huzunguka. Kichwa hutoka jasho. Goti hugonga sakafu. Watu hujigawa makambi kama mashabiki wa mpira, huyu wa povu, yule wa printa, na deraya zao huwaumbua: mmoja ana chapeo laini kama mto, mwingine hawezi kukunja kiwiko.

Mimi nililitengeneza bamba lilelile la bega mara tatu, kwa kiolezo kilekile: matabaka matatu yanayopandana kama magamba ya kakakuona, ukingo ulioinuka, na pembe moja iliyopinda. La kwanza lilikuwa la povu la EVA, likapotea safarini. La pili lilikuwa la Worbla, plastiki inayolegea kwa joto, nikalikalia. Lingeweza kurekebishwa, nitaeleza vipi, lakini nilikuwa nimeazimwa printa ya 3D na nikapata kisingizio. Ulinganisho huu umetokana na bega hilo.

Povu la EVA

Jina lake refu ni ethilini-vinili asetati, ila hulihitaji. Umelikanyaga tangu utotoni. Ndilo la soli za kandambili, na ndilo la mikeka ya rangi inayounganishwa kwa meno ambayo watoto huchezea. Kwa deraya hutumika unene wa kuanzia milimita 2 hadi 10 hivi: 10 kwa mabamba makubwa, 5 au 6 kwa matabaka ya juu, 2 kwa nakshi na mapambo ya ukingoni. Mkeka wa kawaida una upande mmoja wenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi. Huo ugeuzie ndani. Povu linalotengenezwa mahsusi kwa kazi hii ni zito kidogo na vitundu vyake ni vidogo. Tofauti utaiona kwenye msasa: zuri hutoa vumbi laini, hafifu hunyofoka vipande.

Kufanya kazi na povu ni ufundi cherehani zaidi kuliko uhunzi. Unachora kiolezo bapa, unakata, unaunganisha, na umbo linazaliwa kwenye maungio. Ukitaka mviringo wa bega, unatoa pembetatu nyembamba ukingoni na kuzifunga, kama fundi anavyobana kiuno cha gauni. Mashine ya hewa moto husaidia kupinda, lakini povu lina ukaidi wake: linakubali kukunjwa kama karatasi, kuelekea upande mmoja, na likitakiwa kuvimba pande zote kama bakuli linavutika kidogo tu kisha linagoma.

Kisu ndicho kinachomtofautisha anayeanza na aliyezoea. Povu huua makali ya wembe haraka kuliko utakavyoamini, na wembe butu hauachi alama nyingine ila ukingo uliochanika kama mkate ulioshikwa na mtoto. Badilisha au noa kabla hujaona uchanikaji, usingoje baada yake. Shika wembe wima, isipokuwa unapotaka mshazari: vipande viwili vilivyokatwa kwa nyuzi 45 kila kimoja hukutana na kufanya kona kali ya nyuzi 90, na kona hizo ndizo zinazofanya povu lionekane bamba la chuma.

Gundi inayofaa ni ile ya mpira wanayotumia mafundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unangoja dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kikigusa kisitoke na uzi, ndipo unakutanisha. Unakutanisha mara moja. Ukikosea milimita tatu, milimita tatu hizo ni zako za kudumu. Gundi ya moto ya kijiti inavutia kwa uharaka wake, lakini huacha uvimbe kwenye mshono, na jua kali likiipata huachia. Mvuke wa gundi ya mpira si wa kuchezea: fungua madirisha, vaa barakoa yenye kichujio cha kemikali. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu, nalo halizuii lote.

Kuna jambo moja ambalo povu hulifanya bure na wenzake hawaliwezi. Chora mstari kwa ncha ya wembe, nusu ya kina cha povu, kisha upitishe hewa moto juu yake. Mstari unafunguka wenyewe na kuwa mfereji. Nakshi zote za bega langu, maandishi ya kichawi na nyufa za vita, zilipatikana hivyo kwa jioni moja. Joto hilohilo hufunga vitundu vya juu na kuufanya uso ung'ae kidogo, tayari kwa praima, yaani rangi ya msingi.

Udhaifu wake ni kwamba ni laini na hausemi uongo kuhusu hilo. Kucha huacha alama. Ncha kali hujikunja. Pembe ya povu ukiiinua kwa mkono inacheza, na mtazamaji aliyesimama mita mbili anajua. Na ukingo wa bamba la milimita 10 ukiuacha jinsi ulivyo unaonekana kama sofa. Lazima ukate mshazari au uuzungushie utepe mwembamba wa povu la milimita 2.

Worbla

Hii ni thamoplastiki ya Kijerumani, inatoka kwa kampuni ya Cast4Art. Aina yake maarufu zaidi, Worbla's Finest Art, ni karatasi ya rangi ya kahawia yenye unene wa takriban milimita 1, iliyochanganywa na chembe za mbao. Ukiipasha mpaka kama nyuzi joto 90 za Selsiasi inalegea kama ngozi iliyoloweshwa, na katika hali hiyo inafanya mambo mawili yanayomaliza nusu ya matatizo ya povu: inavutika pande zote, na inajigandisha yenyewe bila gundi. Ikipoa inakuwa ngumu. Ukiipasha tena inalegea tena, mara nyingi utakavyo.

Bega ndipo mahali pake. Mviringo ambao kwenye povu ulihitaji pembetatu nne na mshono wa kuficha, kwenye Worbla niliupata kwa kulaza karatasi ya moto juu ya mpira na kuipapasa. Njia iliyozoeleka ni ya sandwichi: povu jembamba katikati, Worbla mbele na nyuma, ukingo wa mbele ukikunjwa kuelekea nyuma. Povu linatoa umbo, Worbla inatoa ugumu. Mabaki hayatupwi. Ukiyapasha pamoja yanakandika kama unga wa maandazi, na ndiyo niliyotumia kwa pembe, vichwa vya ribiti na kamba ya mapambo iliyosokotwa ukingoni. Hakuna malighafi nyingine kwenye orodha hii inayokuruhusu kufinyanga kwa vidole, na kwa mtu mwenye mkono wa uchongaji hilo pekee linatosha kuamua.

Sasa kilio. Uso wake una chembechembe, kama ganda la chungwa lililokauka, na rangi haifichi hilo, inalitangaza. Unapaka gundi ya mbao au praima nzito, unangoja, unapiga msasa, unapaka tena. Tabaka tatu, nne, tano. Bega moja lilinichukua muda mrefu kwenye kulainisha kuliko kwenye kulitengeneza. Zipo aina nyingine zilizo laini zaidi, kama Worbla's Black Art, na ipo inayopitisha mwanga, TranspArt, inayofaa kwa vito na mabawa, ingawa hiyo hutaka joto kubwa zaidi na haijigandishi kama ndugu yake wa kahawia. Halafu kuna gharama: Worbla ni ghali kuliko povu kwa kiasi ambacho hutakuwa na moyo wa kukata kipande bila kukipima mara mbili.

Svetlana Quindt wa Ujerumani, anayejulikana kama Kamui Cosplay, ameandika miongozo ya Worbla na ya povu vilevile. Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani lazima uchague kanisa.

Kuhusu kulikalia: pembe ilipasuka shinani na ukingo ukapinda. Worbla iliyopasuka huunganishwa kwa kuipasha pande zote mbili na kuzikandamiza, ukaongeza kiraka kidogo juu. Rangi ya mahali hapo ndiyo inayokufa. Basi.

Printa ya 3D

Hapa unahama kabisa karakana. Muda mwingi utakuwa kwenye kompyuta, halafu unasubiri, halafu unapiga msasa mpaka uote msasa usiku. Printa za kawaida za nyumbani huyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka, mara nyingi milimita 0.2 kwa tabaka. Filamenti (ndio uzi huo) ya wengi ni PLA, inayochapishwa kwenye nyuzi joto kati ya 190 na 220 hivi. Meza ya printa nyingi za bei ya chini ni sentimita 22 kwa 22, kwa hiyo chapeo nzima haiingii. Unaigawa vipande kwenye programu, unachapisha kimoja kimoja, kisha unaviunganisha.

Faida ni usahihi. Nakshi ambayo kwa wembe ingekuchosha macho inatoka ilivyochorwa, na bega la kulia ni kioo cha la kushoto bila kupinduka hata unywele. Ulinganifu huo, kwangu, ndio hoja kubwa ya printa, kubwa kuliko uharaka, ambao haupo. Bega langu lilichapishwa kwa siku kadhaa, na mara moja lilifeli usiku: kipande kilibanduka mezani na asubuhi nikakuta kiota cha nyuzi.

Kosa linalowakuta wengi si la printa, ni la kipimo. Modeli iliyochukuliwa kwenye gemu ina vipimo vya shujaa, na shujaa ana kichwa kidogo, mabega mapana na kiuno cha nyigu. Pima kichwa chako, pima mabega, na kabla hujachapisha chapeo nzima chapisha pete nyembamba tu ya sehemu yake pana zaidi. Ikipita masikio na pua bila kukwaruza, endelea. Ongeza nafasi ya sponji ya ndani pia, maana chapeo inayokubana kabla ya sponji haitavalika kamwe.

Kisha mistari ya matabaka. Msasa wa namba 120, praima ya kujaza, 220, praima, 400. Palipo na mifereji mirefu, puti ya magari. ABS, filamenti nyingine, inaweza kulainishwa kwa mvuke wa asetoni; PLA haiwezi, msasa ndiyo dawa yake. Na matabaka yana udhaifu mwingine: plastiki hukatika kirahisi zaidi kati ya tabaka na tabaka. Pembe iliyochapishwa ikiwa imesimama wima hukatika kama muwa ukiigonga mlangoni. Ilaze, au uichapishe nusu mbili na upitishe ubao mwembamba ndani.

Joto nalo. PLA huanza kulegea karibu na nyuzi 60. Gari lililofungwa juani laweza kufika huko sehemu zinazopigwa na jua moja kwa moja, na bega uliloliacha kwenye dashibodi litarudi na umbo lake jipya. PETG, filamenti ya tatu, huvumilia zaidi, karibu 80, na ABS zaidi ya 100. Worbla na povu pia hazipendi gari la moto, ila povu hurudi kwenye umbo lake kirahisi zaidi ukilipasha tena.

Uzito, kwa penseli

Watu hubishana uzito kwa hisia. Tufanye hesabu. Chukua bamba lenye eneo la sentimita za mraba 1,500, bega la shujaa mkubwa. Povu la milimita 10 ni sentimita za ujazo 1,500. Kwa povu lenye kama gramu 0.1 kwa kila sentimita ya ujazo, ni gramu 150. PLA ina gramu 1.24 kwa sentimita ya ujazo, hivyo ganda lake la milimita 3 likijaa kabisa linafika gramu 558. Sandwichi ya Worbla hukaa katikati ya hizo mbili. Mabega mawili ya PLA yanazidi kilo moja, yamening'inia kwenye mikanda, kwa saa nane. Saa ya kwanza hutahisi kitu. Saa ya tano mkanda utakuwa umechimba mfereji karibu na shingo.

Kwa kulinganisha, deraya kamili ya chuma ya Ulaya ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 15 hadi 25 hivi, na askari waliivaa wakapanda farasi nayo. Siri ilikuwa mgawanyo: uzito ulipita kiunoni, mapajani, mabegani, kila bamba likifuata kiungo chake. Kosplei yako yenye kilo nne zote shingoni itakuchosha zaidi kuliko uwiano wa namba hizo unavyoonyesha.

Kiungo kwa kiungo

Chapeo ningeichapisha. Kichwa hakikunji, umbo ni gumu lenye nakshi nyingi, na watu watakutazama hapo kwanza. Ugumu wa plastiki unashikilia mwonekano wa chuma hata mtu akiugusa. Printa huna? Povu la milimita 6 juu ya kiolezo cha karatasi, ukitumia Pepakura, programu ya Kijapani inayokunjua modeli ya 3D kuwa vipande bapa. Kwa aina yoyote, toboa matundu ya hewa mahali pasipoonekana, na feni ndogo ya kompyuta iliyoelekezwa nje itaokoa miwani yako isijae ukungu.

Dirii ya kifuani na ya mgongoni: povu, bila kusita. Ni mabamba makubwa kuliko yote, kwa hiyo wepesi una maana zaidi hapa, na kifua kinapanuka kila ukivuta pumzi. Dirii ya plastiki ngumu iliyopimwa ukiwa umetoa pumzi ni adhabu. Pata kiolezo kwa kuvaa fulana kuukuu, kuzungushwa nailoni na utepe mpana wa gundi, kisha msaidizi achore mistari ya mabamba juu yako na kukukata utoke. Msaidizi awe mtu unayemwamini na mkasi. Kwa dirii za kike zenye maumbo mawili ya mviringo, Worbla inarudi kwenye ushindani, kwa sababu ileile ya bega: inavimba pande zote.

Bega ni povu kwa bamba, Worbla kwa ukingo na pembe. Hapo ndipo nilipofikia baada ya mara tatu, na bega ninalovaa sasa, la nne, limejengwa hivyo. Lakini malighafi ni nusu tu. Usiligandishe bega kwenye dirii. Lining'inize kwa mikanda miwili, mmoja kwenye kamba ya dirii na mwingine wa lastiki kuzunguka mkono wa juu, na matabaka yake yaungane kwa utepe wa ngozi au wa nailoni upande wa ndani, ili yateleze moja juu ya jingine mkono ukiinuka. Likiachwa huru, linapanda. Likigandishwa, linakusukuma taya. Hili la mikanda linawashinda watu wengi kuliko la malighafi, na halionekani kwenye picha yoyote.

Vigasha na miundi ni rahisi, mirija iliyofunguliwa nyuma. Povu la milimita 5 linatosha. Magoti yapewe sponji ya ndani, utapiga picha umepiga goti mara nyingi kuliko ulivyopanga. Vidole vya glavu ya deraya ningechapisha kwa TPU, filamenti inayopinda, au kukata vimagamba vya povu la milimita 2 na kuvishona juu ya glavu ya kawaida. PLA kwenye vidole husikika kama vijiko vya plastiki vikigongana, na simu hutaweza kuishika.

Mengineyo

Faibaglasi na rezini: imara sana, mvuke mbaya, vumbi la kuwasha siku tatu. Printa imeipunguzia sababu za kuwepo. Bodi ya PVC yenye povu hupinda vizuri kwa joto na hutoa ukingo mkali, ila isiungue, maana hutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki, na usiipeleke kwenye mashine ya leza. Ngozi halisi iliyotiwa dawa ya magome hufinyangika ikiloweshwa na hakuna rangi inayoweza kuiga harufu na mikunjo yake. Kwa mikanda na mifuko ya kiunoni usitafute mbadala. Kwa minyororo ya deraya ya kusuka, chagua pete za alumini: uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma cha pua, na kwa macho ya kamera hakuna tofauti. Mabamba ya chuma chenyewe ni mazuri na mizigo, na matamasha mengi huyakagua mlangoni pamoja na silaha.

Rangi haibagui, praima inabagua

Ukishafika kwenye rangi, malighafi zote zinafuata njia moja: msingi mweusi, fedha au shaba juu, rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji ikiingia kwenye mifereji na kufutwa, kisha fedha kavu kwenye kingo kwa brashi isiyo na rangi nyingi, pale ambapo deraya ya kweli ingechubuka. Tofauti iko chini. Povu linapinda, kwa hiyo linataka praima inayopinda nalo: Plasti Dip, ambayo ni mpira wa kupuliza, au tabaka kadhaa za gundi ya mbao iliyozimuliwa. Ukipuliza rangi moja kwa moja juu ya povu bichi, itanywewa kwanza na kupasuka baadaye kwenye kila kiungo. Worbla haipindi lakini ina chembe, hivyo praima yake ni ya kujaza. PLA inataka praima ya magari na uvumilivu. Kwa deraya iliyochanganywa hii ina faida iliyofichika: praima zikishakauka zote zikiwa kijivu au nyeusi, hakuna atakayejua wapi povu linaishia na plastiki inaanzia.

Tahadhari moja ya vanishi. Ile isiyong'aa huua fedha na kuifanya saruji. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka.

Kama huna subira ya kusoma yote

Hujawahi kutengeneza chochote: povu, kila mahali, hata chapeo. Makosa yake ni ya bei rahisi. Una mkono wa kufinyanga na mhusika wako amejaa mizunguko, pembe na maua ya chuma, kama deraya za gemu ya Elden Ring: povu ndani, Worbla juu, na ukubali wiki za kulainisha. Unaijua kompyuta kuliko wembe, na mhusika ni wa pembe kali na nakshi zinazojirudia: printa kwa kichwa na mapambo, povu kwa mabamba makubwa. Una nafasi ndogo, chumba unachokilala: epuka gundi ya mpira na rangi ya kupuliza ndani, Worbla na rangi ya akriliki ya brashi ndiyo njia isiyokuacha na kichwa kinachouma. Una wiki mbili tu: povu, na punguza mabamba.

Mfuko wa dharura

Siku yenyewe kitu kitavunjika, na malighafi zinatofautiana hata hapo. Povu lililoachia hushikwa na supaglu kwa sekunde chache. Mshono utakuwa mgumu na mbaya, lakini utafika jioni. PLA iliyokatika hushikwa na supaglu vilevile, ikiongezewa utepe ndani. Worbla inataka joto, na mashine ya hewa moto huwezi kuingia nayo ukumbini ukatafute soketi, kwa hiyo beba pini, utepe mweusi na kopo dogo la rangi ya fedha ya kufutia kovu. Ongeza lastiki ya ziada na bizimu mbili, maana kinachokatika mara nyingi zaidi ni mkanda, si bamba. Bega langu la nne limeshabadilisha mikanda mara mbili. Pembe yake bado ipo.